Mheshimiwa Nyuma ya Pazia

Mwanakheri aliitambua sauti kabla hajaelewa maneno. Alikuwa ameketi kwenye mkeka chumbani mwake, amevaa nguo nyeupe isiyo na ua hata moja, akitafuna kipande cha udongo alichokuwa amekificha kwenye pindo la mtandio. Gari lilikuwa limeingia uani, na watu wawili walikuwa wanapiga hodi barazani. Mmoja alikuwa mjomba wake, mzee Mgaza wa Kisanga. Wa pili alisema tu, "Hodi wenyewe," kwa utulivu kabisa, na udongo ukamkwama Mwanakheri kooni.

Miaka kumi hakuwa ameisikia sauti ile. Angeitambua hata katikati ya kelele za uwanja mzima, maana huko ndiko alikoanza kuipenda.

"Karibuni," aliitikia wifi yake, Mwanaidi, akitoka jikoni huku akijifuta mikono.

Nyumba ilikuwa ya marehemu Athumani, mume wa Mwanakheri, hapo Mikumi kando ya barabara kuu, jirani na gesti yake na duka lake la vipuri vya malori. Homa ilimchukua Athumani ghafla baada ya Idi, na tangu hapo mkewe alikuwa edani. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hapaki wanja, hajitii manukato, haonani na mwanamume anayeweza kumwoa. Mwanaidi, dada wa marehemu, ndiye aliyehamia pale kumsimamia, na alisimamia kwelikweli. Hata redio aliihamishia chumbani kwake, mjane asije akasikia taarabu.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Mwanaidi, pamoja na macho yake yote, alikuwa hajaligundua. Mwanakheri alikuwa na mimba. Miaka kumi ya ndoa hakuwahi kushika hata mara moja, wakaenda kwa waganga, wakaenda hospitali ya mkoa, watu wakasema mpaka wakachoka kusema. Halafu ikaja yenyewe, kimya kimya, na kabla hajapata hakika ya kumwambia mumewe, mumewe akafa.

Angelisema tu, nyumba nzima ingelia kwa furaha. Ndiyo maana hakusema. Eda ya mwenye mimba haiangalii miezi minne, inaisha siku ya kujifungua. Na mtoto wa Athumani, aliyesubiriwa namna ile, wasingemwacha mama yake atoke naye hata kwenda Kilosa kumsalimia bibi yake. Wangempenda, wangemlisha, wangemfungia. Mwanakheri alilijua hilo, na kila asubuhi alikuwa anajiibia siku moja zaidi ya kujiona kama mtu ambaye siku moja atatoka.

"Shikamoo dada," ile sauti ilisema sebuleni.

"Marahaba. Karibuni mkae. Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, marahaba," alisema mjomba Mgaza, na kiti kikalia chini yake.

Sasa huyu mjomba Mgaza inabidi tumweleze kidogo, maana bila yeye hadithi hii isingekuwepo. Kwa watu wa kwao, neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake ndilo la mwisho, baba huarifiwa tu. Na miaka kumi nyuma, kule Kilosa, mjomba Mgaza alisema neno lake.

Siku hizo Mudi, mwenye sauti ile, alikuwa winga wa kushoto wa timu ya shamba la katani, na Mwanakheri alikuwa msichana aliyemaliza shule, anaishi na mama yake nyuma ya uwanja. Ilikuwa miaka ya foleni. Dukani hakuna sukari, hakuna kitambaa, hakuna chochote. Mwanamume aliyekuletea kipande cha sabuni siku zile alikuwa amekwisha kukwambia yote, na Mudi, kila timu ilipokwenda kucheza mbali, alirudi na sabuni. Alikuwa anaitoa ndani ya soksi. Mama yake Mwanakheri alikuwa anainusa kwanza, halafu anaificha uvunguni na kujifanya hajui imetoka wapi. Siku hizi maduka ya Mikumi yamejaa sabuni za kila rangi, unachagua mpaka unachoka, na hakuna hata moja iliyowahi kumtia Mwanakheri kiwewe.

Mudi alipotuma mshenga, mjomba Mgaza hakumaliza hata chai yake. "Mpira si kazi," alisema. "Mguu ukivunjika atamlisha nini mtoto wa dada yangu? Magoli?"

Mudi akaenda Uarabuni kucheza kwa mshahara, na Mwanakheri akaolewa na Athumani, mtu mzima, mpole, mwenye duka. Mguu ulivunjika kweli, na mjomba alipopata habari alitembea nayo Kisanga nzima. Asichojua ni kwamba Mudi, katika kulala hospitali na kutembelea magongo, alikuwa amejifunza Kiarabu mpaka wenyewe wakawa wanamwuliza yeye ni mtoto wa nani. Mlango wa biashara ulipofunguliwa na wakubwa wetu kuanza kwenda huko kutafuta wanunuzi, walimkuta mchezaji mwenye goti bovu ambaye anajua kusema na pande zote mbili bila mtu kununa. Wakamchukua, wakamsomesha, wakamvisha suti. Sasa alikuwa anakwenda Kairo, ofisa wa ubalozi.

Na tangu mjomba Mgaza aliposikia neno ubalozi, alikuwa hapati usingizi.

"Bi Mwanaidi," alisema sasa, akikohoa kidogo, "mimi sitaki kuzunguka. Huyu ni mheshimiwa wetu, kijana wetu wa hapa hapa Kilosa. Hajaoa. Tumeona tuwahi mapema, wasije wengine wakatutangulia. Amekuja kumposa Mwanakheri."

Nje lori lilipita likielekea Iringa, vikombe vikatetemeka kabatini. Chumbani, Mwanakheri alifumba macho. Ni mjomba wake peke yake, katika dunia nzima, ambaye angeweza kumkataa mtu wakati wa kukubali na kumkubali wakati wa kukataa.

"Mjomba," alisema Mwanaidi taratibu, "hebu rudia."

"Nasema hivi, mheshimiwa amekuja..."

"Hapana, usirudie." Alisimama. "Kaburi la kaka yangu bado bichi. Mwanamke yuko edani, humo ndani, nguo nyeupe mwilini, na wewe mtu mzima unakuja sebuleni kwa marehemu kuleta posa. Umeswali leo?"

"Nimeswali."

"Basi nenda ukaswali tena."

"Dada Mwanaidi." Mudi hakuinua sauti. "Kosa ni langu. Nilimchukua mjomba juu juu, sikumweleza vizuri. Mwenye eda haposwi, hilo nalijua, na hapa hakuna posa iliyoletwa. Mimi nimekuja kutoa pole. Marehemu nilikuwa namfahamu."

"Ulimfahamia wapi wewe?"

"Uwanjani. Alikuwa akija Kilosa kununua mahindi, na kila akija alikuwa anasimama nyuma ya goli ananitukana."

Mwanaidi alitaka kubaki na hasira yake, lakini ilimponyoka. "Alikuwa anatukana kweli," alisema.

"Alikuwa na sauti."

"Ile sauti. Mtu akiwa Masanze anaisikia."

"Mungu amrehemu."

"Amina." Mwanaidi akakaa tena. Akavuta pumzi. "Haya. Mpe pole yako. Pazia hilo hapo, halifunguliwi. Na mimi sitoki hapa."

Akavuta kigoda, akakiweka katikati ya kochi na mlango wa chumba, akachukua kitambaa chake cha kufuma na sindano. Mjomba Mgaza akajikunyata pembeni kama kuku aliyenyeshewa.

Mwanakheri alisogea mpaka karibu na mlango. Pazia lilikuwa fupi kidogo, na chini yake aliona viatu viwili vyeusi vinavyong'aa. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjwa kama miguu ya watu wote. Wa kushoto ulikuwa umenyooshwa mbele, haukunjiki. Ule ndio uliokuwa unawapita mabeki wa kila timu mkoani. Hakujua kwa nini alitaka kulia kwa sababu ya mguu.

"Pole na msiba, Mwanakheri," alisema Mudi.

"Asante. Nimeshapoa."

"Mungu akupe subira."

"Amina. Pole na goti."

"Nimeshalizoea."

Mwanaidi alivuta uzi. Maneno yakaisha. Watu hawa wawili zamani walikuwa wanaweza kuongea ukutani mwa uwanja tangu mechi iishe mpaka mama mtu aite mara ya tatu, na sasa walikuwa wanapeana pole kama majirani.

Mara jikoni kukasikika sufuria inaanguka, halafu nyingine.

"Nyani," alisema Mwanaidi, akiruka. "Wamerudi, washenzi hawa. Mjomba, shika fimbo, njoo." Nyani wa mbugani walikuwa wamezoea kuja mpaka majikoni mwa watu, wanakula wanachotaka, wanaondoka wanapotaka. Mwanaidi akatoka mbio na mjomba nyuma yake, akiwa na furaha ya kupata kitu cha kufanya.

Wakabaki wawili, na pazia.

Mwanakheri alijua kwamba hii ndiyo nafasi. Amwambie sasa, wakiwa peke yao, na wifi asijue. Sentensi moja tu ya maneno machache. Aliiandaa mdomoni.

"Niseme?" Mudi alinong'ona.

"Usiseme," alijibu, kwa kuwa angelisikia neno lenyewe, asingeweza tena kusema la kwake.

"Sawa."

Halafu wakanyamaza. Alimsikia akipumua. Aliona ncha ya kiatu chake cha kulia ikigonga sakafu polepole, kama alivyokuwa anafanya benchi akisubiri kuingizwa. Nafasi ambayo wangeiomba miaka kumi waliipata, wakaitumia kwa kukaa kimya, na kwa ukweli Mwanakheri hakuwahi kuwa na dakika tamu kuliko zile. Jikoni Mwanaidi alikuwa anawalaani nyani na ukoo wao wote. Kisha kelele zikaisha na nyayo zikarudi.

Neno lilikuwa bado mdomoni mwa Mwanakheri, halijasemwa.

"Wamekula mihogo yote," alisema Mwanaidi akikaa, akihema. Aliangalia pazia, akaangalia viatu vya Mudi, akaridhika kwamba kila kitu kiko pale alipokiacha. "Haya, mheshimiwa. Habari za kazi?"

"Kazi njema, dada. Nilitakiwa niwe Kairo mwezi huu."

"Mbona uko Mikumi?"

"Nimewaomba wizarani wanisogezee safari. Nimewaambia nina jambo la kifamilia linalohitaji miezi. Walikuwa hawataki, mkubwa wangu akanitetea, wamekubali. Lakini wameniwekea mpaka." Akaangalia pazia. "Mpaka eda ya humu ndani itakapokwisha. Ikipita hapo, nafasi anapewa mwingine, na mimi narudi kukaa dawatini. Huenda nisipewe tena."

Sindano ilisimama. "Mheshimiwa, na maneno hayo unaelekea wapi?"

"Sielekei popote, dada. Umeniuliza habari za kazi."

Mwanaidi alimkodolea macho, lakini hakupata pa kumshikia. Chumbani, Mwanakheri aliweka kiganja juu ya tumbo lake ambalo bado halikuonyesha chochote.

Kwa hiyo alikuwa anamsubiri. Alikuwa ameweka kazi yake yote rehani kwa miezi minne, na miezi minne ikiisha, yeye Mwanakheri angekuwa bado humu humu, tumbo liko mbele. Mudi angekosa Kairo na angemkosa yeye. Akikaa kimya, angalau angekuwa na miezi hiyo ya kujua kwamba yuko mahali anamhesabia siku. Angekuja tena labda, kukaa pale, na mguu ule umenyooshwa. Na akisema, mwenye kigoda angesikia. Hakukuwa na namna ya kumwambia mmoja bila kumwambia mwingine.

Alimpenda. Hakuwa ameacha hata siku moja, hata siku alizokuwa anampakulia Athumani chakula kwa heshima zote. Na kwa sababu alimpenda, alijua hawezi kumharibia namna hiyo.

"Mudi," aliita. Ilikuwa ni mara ya kwanza kulitaja jina lake kwa sauti ndani ya nyumba ile. "Usisubiri. Nenda mwezi huu huu."

"Kwa nini?"

"Eda yangu haiishi pale unapofikiri."

"Kwani inaisha lini?"

"Wifi, unisamehe," alisema Mwanakheri. "Nina mimba ya Athumani."

Sindano ilianguka sakafuni. Mwanaidi hakuiokota. Aliinuka, akalishika pazia kwa mikono miwili na kulisukuma pembeni, akaingia, akasimama mbele ya mjane. Aliutazama uso wake, akautazama udongo uliotoka kwenye pindo la mtandio.

"Tangu lini?"

"Kabla hajaugua."

"Alijua?"

Mwanakheri alitikisa kichwa, na hapo machozi yakaja. "Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nasubiri nihakikishe."

Mwanaidi akakaa chini pale pale, kwenye mkeka. Siku ya msiba alilia kwa sauti, watu wakamshika. Sasa alilia bila sauti kabisa, amekamata mikono ya Mwanakheri na kuiweka shavuni mwake. "Kaka yangu ameacha mtu," alikuwa anasema. "Ameacha mtu. Na sisi tumefunga mlango tukasema ndiyo basi."

Katika kulia kwake alikuwa amelisahau pazia. Lilibaki wazi. Mwanakheri aliinua macho juu ya bega la wifi yake na kumwona Mudi mzima, si viatu tu. Mvi zilikuwa zimeanza pembeni mwa masikio. Uso ulikuwa umejaa zaidi, lakini macho yalikuwa yale yale ya ukutani mwa uwanja, na yalikuwa yanamtazama, yeye asiye na wanja, asiye na hereni, mwenye udongo mdomoni, kana kwamba hakuna kilichopungua. Alijaribu kuyakariri. Kisha Mudi, kwa kuwa alijua wajibu wake, akainamisha kichwa.

"Basi, mheshimiwa," alisema mjomba Mgaza, ambaye hesabu zake zilikuwa zimeshafanyika haraka, "twende zetu. Barabara ya Kisanga si nzuri jioni."

Mudi alisimama taratibu kwa sababu ya goti. "Hongera dada Mwanaidi," alisema. "Mungu amkuze mtoto."

"Amina," alisema Mwanaidi, akijifuta.

"Mwanakheri."

"Abee."

"Ukimaliza eda, nijulishe."

Neno hilo hata masheikh hawalikatazi, linasemwa misikitini kwamba ndilo analoruhusiwa mtu kumwambia mjane, na si zaidi. Mwanaidi alilijua. Alikaza midomo.

"Utakuwa Kairo," alisema Mwanakheri.

"Nitakuwa Kairo."

"Na mtoto ni wa Athumani."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Nimesema nijulishe."

"Nitakujulisha," alisema Mwanakheri.

Gari likawaka. Likageuka uani, likapanda barabarani, na Mwanakheri akalisikiliza mpaka likachanganyika na malori.

Nyumba ilibadilika kabla ya alasiri. Mwanaidi alimhamisha kutoka kwenye mkeka na kumlaza kitandani, akampa mito yote iliyokuwamo. Alituma watu waende Kilosa kuwaambia jamaa. Aliamuru maji ya kuoga yachemshwe. Alileta godoro lake mwenyewe na kulitandika sakafuni, kati ya kitanda na mlango. "Kuanzia leo nalala humu humu," alisema. "Usiku ukitaka chochote usiinuke, niite." Hakukuwa na ukali tena hata kidogo. Alimwita mama mtoto. Alimfunika miguu. Mwanakheri alitafuta mahali pa kumchukia, hakupaona.

Halafu alileta uji wa ulezi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaanza kumnywesha mwenyewe kwa kijiko.

"Nina mikono, wifi."

"Ipumzishe." Akapuliza kijiko. "Huyo mheshimiwa umemwambia utamjulisha."

"Ndiyo."

"Kwa mkono wa nani?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza sukari imetosha. "Hapa hutoki. Simu iko posta, na posta naenda mimi. Mjomba wako huyo hatarudi tena, umemwona mwenyewe. Sasa utamjulisha kwa mkono wa nani?"

Mwanakheri alimeza uji. Alimtazama mwanamke huyu mwenye macho mekundu ambaye atalala mlangoni kwake mpaka mtoto azaliwe.

"Kwa mkono wako, wifi," alisema. "Nina nani mwingine? Wewe ndiye utakayempokea mtoto, na wewe ndiye utakayenitoa edani. Siku hiyo, kama utaona nimemzaa vizuri mtoto wa kaka yako, nenda posta."

Kijiko kilisimama njiani. Uji ulidondoka kidogo kwenye shuka na Mwanaidi hakuupangusa. Alimtazama Mwanakheri, kwa muda mrefu, na Mwanakheri hakuinamisha macho. Kisha Mwanaidi akasogeza kijiko mdomoni mwake.

"Kunywa," alisema mwishowe. "Unapoa."